Nyumbani ni Wapi? Kikokotoo, Kung'atuka na Miaka Mitano ya Mtumishi

Kijana anapoajiriwa serikalini Tanzania hujaza karatasi nyingi, na katika mojawapo huandika nyumbani kwao ni wapi. Ana miaka 24 au 25. Anaandika kijiji cha baba yake bila kusita, kwa kuwa wakati huo ndilo jibu la kweli. Miaka 35 baadaye, baada ya kuhamishwa kutoka Newala kwenda Kasulu na kutoka Kasulu kwenda Korogwe, karatasi ile ile hufunguliwa ili zipigwe hesabu za nauli na za lori la mizigo. Anarudishwa alikosema anatoka. Kwamba baba alishafariki, shamba limegawanywa na ndugu, na watoto wake wamezaliwa na kusomea Korogwe, hayo hayamo kwenye karatasi.

Naanza na karatasi hii kwa sababu mjadala wetu wa kustaafu umemezwa na karatasi nyingine, ile ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mtumishi anapouliza "niondoke lini?", hesabu humpa jibu la swali jingine. Humwambia atalipwa nini. Anachotaka kujua ni atakuwa nani, na wapi, asubuhi ya kwanza ambayo hana pa kuripoti.

Hata hivyo hesabu zenyewe si za kupuuzwa, na wanaozilalamikia hawakosi haki. Mwaka 2018 mifuko minne ya hifadhi ya jamii, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF. Kanuni zilizofuata zilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25 ya mafao, wakati wanachama wa PSPF na LAPF walikuwa wamezoea asilimia 50. Manung'uniko yalipanda mpaka Rais Magufuli, tarehe 28 Desemba 2018, akasimamisha kanuni hizo na kurudisha zile za zamani kwa muda. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Juni 2024 Serikali ikatangaza bungeni kuwapandisha hadi asilimia 40 waliotoka kwenye 50, na hadi 35 wale wa mifuko mingine waliotoka kwenye 25.

Tuchukue mtumishi mwenye miezi 360 ya kuchangia na wastani wa mshahara wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mshahara wa mwaka ulizidishwa kwa miezi ya utumishi na kugawanywa kwa 540. Nusu ya kilichopatikana ikazidishwa kwa 15.5 kuwa mkupuo. Angepata shilingi milioni 93 mkononi na 500,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya sasa kigawanyo ni 580 na kizidisho ni 12.5, hivyo kwa asilimia 40 anapata takriban milioni 55.9 na 559,000 kila mwezi. Na hapo nimekuwa mpole, kwa maana kanuni ya zamani ilitumia mshahara wa mwisho, wakati ya sasa inatumia wastani wa miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Ili nyongeza ya elfu 59 kwa mwezi ifidie milioni 37 zilizopungua, mstaafu anahitaji zaidi ya miaka 50. Walimu waliokuwa wakilalamika hawakuwa wameshindwa hisabati.

Lakini mtazame yule yule ndani ya kanuni ya sasa. Mkupuo wa asilimia 33 na ule wa 40 hupishana kwa shilingi 9,776,000 hivi, na pensheni zake hupishana kwa 65,000. Gawanya: ni miezi 150, miaka 12 na nusu. Atakayevuka umri wa miaka 72 na nusu, tukiacha kando kupanda kwa bei, atakuwa amepunjika kwa kuchukua zaidi mapema. Wachumi wa mifuko wanalijua hili, na ndiyo maana husisitiza pensheni ya kila mwezi kuliko mkupuo. Kwa hesabu wana haki. Mbona basi karibu kila mtumishi, hata mwalimu wa hisabati, huutaka mkupuo?

Jibu limo kwenye lile lori la mizigo. Mtumishi anayehamishwa huishi maisha yake ya kazi katika nyumba za watu: ya shule, ya zahanati, ya kupanga. Benki humkopesha kwa dhamana ya mshahara, na makato yakikaribia ile theluthi moja ambayo haiguswi, hawezi kujenga tena kwa mkopo. Mkupuo kwake ni bati, saruji na milango. Ni mahali pa kupokelea wageni na, tuseme wazi, pa kuzikiwa. Anayempa elfu 65 zaidi kila mwezi badala ya milioni kumi anamjengea nyumba kwa mafungu ya mifuko michache ya saruji. Kiinua mgongo ni jina zuri la malipo haya, maana mgongo uliopinda hauinuliwi kidogo kidogo kila tarehe ya mshahara.

Ubaya ni kwamba fedha hiyo hufika wakati usiofaa. Hufika kwa mpigo, kwa mtu ambaye hajawahi kushika milioni kumi, wiki zile zile anapoondokewa na ratiba, cheo na mazungumzo ya ofisini. Shemeji anajua basi dogo linalouzwa. Jirani anafuga kuku wa mayai. Kijana wa tatu anataka mtaji. Nimekwisha kumsikia mstaafu mmoja akisema kwamba alikula mkupuo wake kwa miezi kumi na minne bila kununua hata shati. Sidhani kwamba alikuwa mjinga. Alilazimika kuamua mambo matano makubwa kwa pamoja, na kila moja kati ya hayo lilistahili mwaka wake.

Sheria inaruhusu kustaafu kwa hiari katika miaka 55, na kwa lazima katika miaka 60. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa wa umma wanaweza kufika 65. Kikokotoo hakimshauri mtu yeyote aondoke akiwa na miaka 55. Miezi 60 ya ziada humwongezea zaidi ya asilimia 10 ya wastani wa mshahara wake katika pensheni kamili, na hapo sijataja kupanda daraja. Hivyo 55 imebaki kuwa mlango wa wagonjwa, wa waliochokana na wakubwa wao, na wa wachache wenye biashara. Wengine wote huupita kama kituo ambacho basi halisimami. Nadhani hapo ndipo tunapokosea. Miaka mitano kati ya 55 na 60 ndiyo muda pekee ambao mtumishi bado ana mshahara na tayari ana ruhusa ya kuondoka.

Neno kung'atuka linasaidia hapa. Kustaafu tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni kuomba kuachiliwa. Limetoka katika shina moja na afya na afua. Anayestaafu, kwa maana hiyo, ni mwombaji. Kung'atuka Mwalimu Nyerere alilitoa katika Kizanaki, lugha ya kwao, nalo ni la mtu anayenyanyuka mwenyewe. Husimuliwa kwamba aling'atuka urais mwaka 1985, akiwa na miaka 63, akarudi Butiama kulima. Kweli, lakini uenyekiti wa CCM aliuacha mwaka 1990. Kunyanyuka kwake kulichukua miaka mitano, na katika miaka hiyo alikwishapata kazi nyingine ya kumtoshea, uenyekiti wa Tume ya Kusini. Baadaye akasuluhisha mgogoro wa Burundi, na mwaka 1996 ikachapishwa tafsiri yake ya Injili ya Mathayo kwa utenzi. Wapo watakaosema kwamba uenyekiti ule wa CCM ulimbana mrithi wake, Mzee Mwinyi, pale Ikulu. Sibishi, mzee anayeondoka polepole anaweza pia kuwa mzee asiyeondoka. Ndiyo maana muda huo lazima uwe na tarehe ya mwisho, na kwa watumishi wetu tarehe hiyo ipo.

Wanawake hubadilisha picha hii kwa namna ambayo takwimu za mafao haziioni. Muuguzi anayestaafu akiwa na miaka 60 mara nyingi huanza zamu nyingine wiki hiyo hiyo: wajukuu wa binti aliyeko mjini, mama mkwe mgonjwa. Mumewe hukaa barazani na gazeti, akiitwa bado "Mkuu" na kila apitaye. Lugha yetu nayo humpa mwanaume wa cheo faraja hiyo: jaji mstaafu, kanali mstaafu, mkuu wa wilaya mstaafu. Sijasikia mhudumu mstaafu wala dereva mstaafu. Hao wakitoka kazini, jina la kazi linabaki getini.

Nao wakulima, wavuvi na mama lishe hawana la kustaafu kutoka kwalo. Zanzibar iliwafikiria mwaka 2016 ilipoanza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza alichangia wapi. Fedha ilikuwa ndogo. Lakini ni malipo ambayo hayamtaki mtu athibitishe kwamba aliwahi kuwa na ofisi.

Kwa mtumishi ninayemzungumzia, pendekezo langu ni la kiofisi kabisa. Anapotimiza miaka 55, ile karatasi ya kwanza irudishwe mezani, naye aulizwe upya nyumbani ni wapi. Akiandika Korogwe, lori lipangiwe Korogwe, au gharama yake ikubalike kama mchango wa kiwanja. Sehemu ya mkupuo, tuseme robo, iruhusiwe kutoka wakati huo kwa ajili ya ujenzi tu, ilipwe kwa hatua, msingi kwanza, kisha lenta, kisha bati. Mfuko ungeumia kidogo kwa kutoa mapema fedha ambayo ungeiwekeza. Lakini angalau atakapofika 60 atakuwa na jambo moja tu la kuamua, yaani afanye nini na siku zake, na shemeji mwenye basi dogo atamkuta tayari amekaa kwake.