Bwami ya Warega: umoja bila shefu, na swali la nani atapokea kitunga

Mutu akisema neno «mwami» kule Kabare ao Walungu, kila mutu anafikiri shefu mwenye kutawala inchi. Lakini kwa Warega wa musitu, neno hilo lina maana ingine. Mwami ni mutu mwenye aliingizwa katika Bwami, na bami wanaweza kuwa wengi katika kijiji kimoja. Kuchanganya mambo hayo mawili kunaleta mabishano mengi kila mara watu wanazungumuzia desturi. Njo maana tunaeleza hapa Bwami ni nini, iliongozwa namna gani, sababu gani ilipunguka, na kuifufua kunaomba nini.

Bwami ni nini?

Ni umoja wa watu wazima, wanaume na wanawake, wenye wanapanda ngazi moja kisha ingine kwa kufundishwa. Inajulikana zaidi kwa Warega wa Shabunda na Mwenga, katika Kivu ya Kusini, na wa Pangi, katika Maniema. Majirani sawa vile Wabembe na Wanyindu wako nayo pia, kwa namna yao.

Kwa wanaume, ngazi zenye kujulikana sana ni kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio na kindi. Kindi yenyewe inagawanyika, na juu kabisa kuko lutumbo lwa kindi. Kwa wanawake kuko bombwa, bulonda na bunyamwa. Majina na hesabu ya ngazi vinabadilika kidogo kufuatana na fasi.

Mwanaume mwenye hakupita katika bwali, ni kusema tohara ya kimila, hawezi kuingia. Kiisha, mambo matatu yanaombwa. La kwanza ni mali: zamani ilikuwa musanga (feza za maganda ya konokono), nyama, mafuta, chumvi na vitu vingine vya kugawia watu. La pili ni jamaa, juu ya mutu mumoja hawezi kukusanya vitu vile vyote peke yake. Wajomba, ndugu na wakwe njo wanamusaidia. La tatu ni tabia. Mutu mwenye hasira, mwenye ugomvi ao mwenye kusemwa kwa ulozi, hata akiwa tajiri, bami wanaweza kumukatalia mulango. Mali ilifungua njia, lakini haikutosha.

Tena, mwanaume hakupanda peke yake. Ngazi za wanawake zilifuatana na zile za bwana zao, na kwa ngazi za juu bibi alipashwa kuingizwa naye. Kwa hiyo wenye kusema Bwami ni jambo la wanaume tu wanasema nusu ya mambo.

Mafundisho yanapita wapi?

Bwami haina kitabu. Mafundisho yake yanapita katika mezali zenye kuimbwa, katika kucheza, na katika vitu vyenye kuonyeshwa: majani, ngozi za nyama, mapembe, sura ndogo za miti, sanamu za mbao na za pembe za tembo. Kila kitu kiko na neno lake. Sanamu yenye vichwa vingi, Sakimatwematwe, inakumbusha mutu mwenye kuona pande zote mbele ya kusema. Sanamu ya mwanamuke mwenye mimba, Wayinda, inaonya juu ya uzinzi na hasara yenye unaleta nyumbani.

Sanamu bila wimbo wake ni kipande cha muti tu. Na wimbo bila mwenye kuonyesha kitu unakuwa maneno yenye watoto hawaelewi. Vitu viwili vile vinaenda pamoja.

Nani alikuwa mukubwa?

Hapa njo Bwami inatofautiana na vyama vingi. Haikuwa na prezida, haikuwa na makao makubwa. Warega wa musitu hawakuwa na mufalme mumoja wa kuwatawala wote. Kindi wa fasi moja hakuamuru kindi wa fasi ingine. Heshima yake ilitoka katika mambo yenye alijua, watu wenye alisaidia kupanda, na ugomvi wenye alitengeneza bila kumwanga damu.

Vitu vya Bwami pia havikuwa mali ya mutu kwa kuuzisha. Vingine vilikuwa vya kikundi kizima na vilichungwa ndani ya kitunga. Vingine, sawa vile sura ndogo yenye kuitwa lukwakongo, vilikuwa mukononi mwa mutu mumoja; akikufa, vilichungwa na jamaa mpaka mwengine wa ukoo afikie ngazi ile. Kwa hiyo kifo cha muzee hakikuvunja Bwami. Chenye kinaivunja ni kukosa mwenye kupokea.

Sababu gani ilipunguka?

Wabelgiji waliogopa nguvu yenye hawakuweza kushika: umoja bila shefu mumoja wa kuita ofisini. Katika mwaka wa 1948 serikali ya kikoloni ilikataza Bwami kwa sheria. Haikukufa siku ile. Katika miaka ya 1950, mutafiti Mubelgiji Daniel Biebuyck alikuta bado bami wenye kufundisha, na kitabu chake juu ya Warega, chenye kilitoka 1973, kinasomwa mpaka leo.

Lakini kukatazwa hakukuwa peke yake. Kazi za migodi, sawa vile Kamituga na Kalima, zilivuta vijana. Vijiji vilisogezwa kando ya barabara. Wamisioni wengi walifundisha kwamba Bwami ni ya shetani. Feza ya mushahara iliingia mikononi mwa kijana mumoja-mumoja, na ile desturi ya jamaa nzima kuchanga ikalegea. Kiisha vita vikafuata, watu wakakimbia, na mutu mwenye kukimbia hawezi kubeba kila kitu.

Vitu vyenyewe viliondoka pia. Leo sanamu na sura za Bwami ziko katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ya Chuo Kikuu cha UCLA, Los Angeles, na kwa matajiri wenye kukusanya vitu vya zamani.

Kuifufua kunaomba nini?

Kwanza, kupokezana. Kurekodi nyimbo za wazee kwa telefone ni vizuri, lakini inapashwa kuandikwa pia: wimbo unaenda na kitu gani, na unaonyeshwa kwa ngazi gani. Maneno mengine ni ya wenye kuingizwa tu. Ni bami wenyewe wenye kuamua nini inaweza kutoka inje.

Pili, kulinda mulango. Umoja wenye kupungukiwa watu unajaribiwa kupokea kila mwenye makuta. Bwami ikiuzisha ngazi kwa mwenye kutafuta cheo, itapata watu, lakini haitakuwa tena Bwami. Njia ya kupunguza gharama iko: pembe za tembo haziwezi tena kutafutwa, juu ya tembo wanalindwa na sheria, na toka zamani mbao na mifupa vilitumika. Chenye hakiwezi kupunguzwa ni tabia.

Tatu, wanawake. Bila wao ngazi za juu hazikupandwa zamani, na haiko sawa wasahauliwe wakati wa kufufua.

Ine, vitu vyenye viko Ulaya. Katika mwaka wa 2022, Ubelgiji ilipitisha sheria yenye kufungua njia ya kurudishia Kongo vitu vya wakati wa ukoloni vyenye viko mikononi mwa serikali yao. Sanamu ya Bwami ikirudi, itakaa Kinshasa nyuma ya kioo, ao itarudi Pangi, Shabunda na Mwenga? Na ikirudi kwetu, nani atajua wimbo wake? Jibu linategemea wazee wenye wangali hai, na vijana wenye wako tayari kukaa chini na kusikiliza.

Mutu mwenye ana nyumbani kitu chenye babu ao nyanya aliacha, mbele ya kukubali bei ya mwenye kununua, aulize kwanza katika ukoo: kitu hiki kilikuwa cha nani, cha ngazi gani, na nani alipashwa kukipokea? Saa ingine ni yeye mwenyewe njo alikuwa anangojewa.