Kibati chenye Namba

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI:

Tuseme unalima bustani Rubavu, si mbali na Petite Barrière. Jembe linagonga kitu. Unakipangusa: ni kibati kidogo, kina tundu la kupitisha kamba, na namba zimegongwa juu yake. (Kibati cha chuma, si Kibati ile ya barabara ya Rutshuru.) Ni cha nani?

Kabla ya jibu, jambo moja. Kitu kikiwa kizito, kina umbo la chupa au la yai, au kina mkia, acha jembe hapo hapo. Rudi kwa njia uliyojia, umwite kiongozi wa mtaa au polisi. Udongo wa huku umeona vita zaidi ya moja. Lakini kibati chepesi chenye tundu huenda kilining'inia shingoni mwa mtu.

Leo nachukua vita ya zamani zaidi. Mwaka 1914 mpaka huu ulikuwa na miaka minne tu tangu ukubaliwe Brussels. Gisenyi ilikuwa ya Wajerumani, nao waliandika Kissenji. Goma ilikuwa ya Wabelgiji. Septemba 1914 Wajerumani wakachukua kisiwa cha Idjwi, kisha kwa mwaka mmoja na nusu majeshi yakatazamana hapa hapa ambapo leo wamama wanapita na ndoo za nyanya. Aprili 1916 Jenerali Charles Tombeur akawaamuru askari wa Force Publique wasonge mbele. Kigali ilianguka Mei 6, Tabora Septemba 19.

Vitabu hupenda kuishia kwa majenerali. Mimi nawaza waliobeba mizigo. Hapakuwa na reli huku. Kila risasi na kila gunia la chakula lilipanda milima kichwani mwa mtu. Wabelgiji walitumia wapagazi wapatao 260,000, na Waingereza wakawaongezea maelfu kutoka Uganda. Waingereza wenyewe, kwa vita nzima ya Afrika Mashariki, walitumia karibu milioni moja. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa kikosi hicho, Carrier Corps. Wengi waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko risasi.

Sasa turudi kwenye kibati. Majeshi ya Ulaya yalijifunza kwa uchungu kwamba kibati kimoja hakitoshi: ukikivua upeleke habari ofisini, maiti inabaki bila jina. Ndiyo maana mwaka 1916 Waingereza waliwapa askari wao viwili, cha kijani kibaki na maiti, chekundu kiende ofisini. Wajerumani walikuja na kimoja kinachovunjika katikati. Juu yake palikuwa na namba na kikosi, mara nyingi na jina pia.

Mpagazi wa Waingereza alipewa kibati chenye namba. Jina lake, chifu wake na wilaya yake vilibaki kwenye daftari. Daftari likipotea, au kibati kikipotea njiani, basi mtu amepotea mara mbili. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa sababu hawakupatikana, na wengine hawakutafutwa sana. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Kwa hiyo ukikipata, usikisugue kwa mchanga. Herufi zilizoliwa na kutu hufutika kwa dakika moja. Osha kwa maji tu, mwanga uje kutoka ubavuni, na namba zitaonekana. Weka karatasi juu yake, pitisha penseli taratibu. Andika ulipokipata na kina chake. Palipo na mifupa, usichimbe tena. Na usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu: kwake ni gramu chache tu. Jumba la makumbusho linaweza kulinganisha namba na nyaraka. Za Wabelgiji ziko Brussels, na sehemu ya za Wajerumani iko Dar es Salaam.

Sisi tuliovuka Petite Barrière tukaandikishwa tunajua maswali yale: jina lako, la baba, la mama, kijiji. Nilichoka kuyajibu, nakiri. Siku niliyojaza fomu ya Msalaba Mwekundu kumtafuta mjomba wangu, nilikuwa na jina moja tu la kwake, na kijana aliyekuwa akiandika akaniuliza polepole: «La baba yake?» Sikulijua.

Mzee, kama babu yako aliwahi kusimulia habari za upagazi wa vita ile, pita kwenye meza yetu Jumanne asubuhi. Tutaandika jina lake, na la baba yake.

(Muziki.)