Kisigino cha Mwalimu

Nilifundisha shule ya msingi Unguja kwa miaka 31, nimesimama juu ya sakafu ya saruji, makubadhi miguuni. Mwaka niliostaafu, kisigino cha kulia kikaanza kudai malimbikizo yake. Alfajiri nikishuka kitandani kwenda kutia udhu, hatua ya kwanza ilikuwa kama nakanyaga kigae cha chupa. Nikifika mlangoni nafuu imeshaingia. Nikikaa barazani nusu saa kisha nikanyanyuka, kigae kile kile.

Mke wangu alisema ni makubadhi. Fundi aliyenishonea alisema ni saruji, akaniuzia jozi nyingine. Mimi nilikuwa nimesomesha historia, na kazi ile haiachiki kwa barua ya kustaafu, basi nikaanza kujiuliza watu wa pwani walivaa nini miguuni, na walivaa kwa ajili ya nini.

Nilichokikuta kilinikera kidogo. Kiatu cha pwani kilitengenezwa kitazamwe. Katika Unguja ya karne ya 19 mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kiatu wala kufunika kichwa. Mtu akikupita njiani, ulitazama miguu yake ukajua umsalimie vipi. Kubadhi la mwungwana lilikuwa na ukanda mpana wa ngozi uliotiwa nakshi, na fundi alimaliza ustadi wake wote huko juu panapoonekana. Chini ni soli bapa, nyembamba, isiyoinua kisigino hata kwa unene wa biskuti. Sheria ya 1897 ilipoondoa hadhi ya utumwa (masuria hawakuhesabiwa hadi 1909, na hilo tulikuwa tukilipita darasani upesi upesi), waliokuwa watumwa walianza kuvaa vile walivyokatazwa: kanzu, kofia, buibui, na viatu. Ukimkuta mtu kama huyo na kubadhi jipya mguuni, kisigino kinamwuma, unadhani angelivua?

Wanawake wa majumba makubwa walikuwa na mitalawanda, viatu vya mbao. Seyyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyechapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, ameviandika viatu vya namna hiyo. Bibi yangu, ambaye hakutoka kasri lolote, alikuwa na jozi moja chooni, imeliwa na maji mpaka imekuwa nyeupe kama mfupa. Mtalawanda hauna ukanda. Una kijiti kinachosimama, msuruaki, unachokibana baina ya kidole gumba na cha pili, na usipobana kiatu kinabaki nyuma wewe unakwenda. Tukiwa watoto tuliviiba tukavijaribu, tukaanguka. Bibi alivivaa akiwa na ndoo ya maji mkononi.

Bibi huyo alijua dawa za miguu, lakini za miguu ya zamani yake. Magaga aliyasugua kwa jiwe la tumbawe, kama yale yaliyowekwa mbele ya mabirika ya misikiti ya kale ya pwani ili mtu asugue nyayo kabla ya kuingia kusali. Maumivu ya ndani aliyachua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Mchuaji wangu alifuata mila hiyo hiyo, ila kwa nguvu za mtu aliyekwishalipwa. Siku tatu nilitembea kwa ncha ya mguu.

Nikaenda hospitali. Nikapigwa picha, nikaonyeshwa kijimwiba cha mfupa chini ya kisigino, nikaambiwa adui ndiye huyo. Nilikiamini kijimwiba kile mwaka mzima. Kina historia yake nacho: eksirei iligunduliwa mwaka 1895, na mwaka 1900 daktari wa Kijerumani, Plettner, akakieleza na kukipa jina la mwiba wa kisigino. Hadi leo, mgonjwa na daktari wakikiona kwenye picha wote wawili hupumua, kwa kuwa sasa kuna kitu cha kulaumu. Waingereza wao waliyaita maumivu haya kisigino cha polisi, yaani ugonjwa wa mtu anayelipwa kwa kusimama. Wangeongeza na walimu.

Aliyenitoa gizani ni binti wa fiziotherapia niliyemfundisha darasa la nne. "Shikamoo mwalimu," akasema, "leo utakaa wewe, nitasomesha mimi." Akanieleza kuwa miiba ile wanayo watu wengi wasioumwa chochote. Kilichochoka ni utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino mpaka chini ya vidole, ule unaoshika upinde wa unyayo. Usiku mguu ukilegea, utando hujikunja. Asubuhi ukiukanyaga ghafla, unavutwa pale pale palipochakaa. Jina lake la kidaktari husema ni uvimbe wa moto. Lakini mwaka 2003 Wamarekani, Lemont na wenzake, walipochungua vipande vya utando kutoka operesheni 50, waliona uchakavu, uvimbe wa moto hawakuuona.

Akaniagiza hivi: kabla ya kushuka kitandani, pandisha mguu juu ya goti la pili, vuta vidole nyuma kuelekea kwako, hesabu mpaka 10, achia, fanya mara 10, mara tatu kwa siku. Bingirisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Usitembee peku juu ya saruji, hata chooni. Kisha akatandika taulo sakafuni akaniambia nilikusanye kwa vidole vya mguu. Nikacheka. Ni msuruaki ule ule wa bibi, bila mbao.

Kiatu chenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo nilivuka bahari kwenda kukitafuta Kariakoo, kwenye mitumba. Nilijaribu jozi kumi na kitu huku muuzaji akiniita mzee wa mashauzi. Jina la mahali pale limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza, waliokuwa na kambi hapo. Wengi wao walibeba mizigo peku, katika nchi yenye funza, mdudu aliyeshukia Angola mwaka 1872 kwa meli kutoka Brazili na kulivuka bara zima kabla karne haijaisha. Leo eneo hilo hilo limejaa viatu mpaka barabarani.

Ilichukua miezi saba. Hakukuwa na siku niliyoamka nikasema nimepona. Asubuhi moja nilifika birikani ndipo nikakumbuka kwamba sikukumbuka kuumwa. Makubadhi yananing'inia msumarini nyuma ya mlango. Idi iliyopita niliyavaa kwenda uwanjani kusali na kurudi, na jioni nikaitoa chupa kwenye friji.