Kumbukumbu za malikale kwa watumiaji wa ardhi: Maruku, Kagera

Maruku, wilayani Bukoba, ni nchi ya vibanja vya migomba na mibuni iliyokaliwa na wahunzi tangu kale. Anayechimba msingi wa nyumba aweza kuibua vigae vya vyungu vya kale vya mtindo wa Urewe au mavi ya chuma. Je, atajua mapema kilichomo ardhini mwake?

Kumbukumbu kuu ni wazee. Katika kijiji cha Katuruka, huko Maruku, masimulizi ya Wahaya, wenyeji wa eneo hilo, yaliutaja mti mkubwa wa Kaiija kuwa mahali pa uhunzi, karibu na kikale (jumba la kifalme) cha Mukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe wa Kyamutwara, aliyeishi karne ya 17. Yasemekana alijenga mnara wa chuma ili azifikie mbingu. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt aliyafuata masimulizi hayo, akachimba mwaka 1970 na kukuta mabaki ya uhunzi ya takriban miaka 2,000 au zaidi. Kwa hiyo wenyeji ndio waliomwonyesha msomi pa kuchimba. Matokeo yalitoka katika kitabu cha Kiingereza mwaka 1978, nacho mwenye kibanja hakifikii kwa urahisi. Baadaye UKIMWI, ulioikumba Kagera tangu miaka ya 1980, ukakata mnyororo wa usimulizi katika koo nyingi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Kuchimbua malikale kunahitaji kibali. Tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya sheria ya 2004, huigusa miradi mikubwa, si shimo la choo. Kwa mkulima, karatasi iliyo karibu zaidi ni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, unaotokana na sheria ya 2007. Humo ndimo maeneo yenye malikale yanapaswa kuonyeshwa.

Lakini si kila kitu kianikwe. Jimbo la Victoria, Australia, lina rejista ya urithi wa wenyeji asilia chini ya sheria ya 2006; haiko wazi kwa umma, ila mwenye shamba aweza kuomba taarifa za eneo lake. Njia hiyo ingefaa Maruku pia, kwa sababu makaburi ya wakama na mahali pa kumwabudu Mugasha, mungu wa ziwa, hunajisiwa kirahisi na wasaka hazina.

Mwishoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wa Katuruka wenyewe walianza kuhoji wazee, kurekodi masimulizi yao na kuyatunza maeneo hayo.