Mchezaji Huru Si wa Bure: Form ya Timu Kuangusha Ganji Mob kwa Msee Hawajanunua

Ukikaa Kikopey, pale karibu na Gilgil kwa barabara ya Nakuru, na mechi iko kwa TV, vitu mbili hazikosi mezani: mbuzi choma na ubishi. Ubishi ukifika kwa usajili, lazima msee mmoja aseme, "Huyo walimpata bure." Buda, hakuna cha bure. Cheki hii form.

Mchezaji huru ni nani?

Ni mchezaji ambaye kandarasi yake imeisha, ama imevunjwa kwa makubaliano. Timu mpya hailipi ile ya zamani hata ndururu. Huko Ulaya, mlango ulifunguliwa na kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, iliyoamuliwa 15 Desemba 1995. Kabla ya hapo, klabu ingeitisha doo hata kama kandarasi yako imeisha. Siku hizi sheria za FIFA zinakuruhusu kusaini na timu ingine ukiwa umebakisha miezi 6.

Sasa doo huenda wapi?

Ile ada ya uhamisho haipotei. Inahamia kwa pesa ya kusaini, mshahara mnono na mgao wa ajenti. Na kwa sababu timu mob zinaweza kumtaka, inageuka mnada. Anayeshinda mnada ni yule amemkadiria juu kuliko wengine wote, so ni rahisi awe ndiye amekosea hesabu kuliko wote. Tena unalipa kwa yale alifanya jana, na unahitaji miguu ya kesho.

Mfano: Victor Wanyama

Southampton walimtoa Celtic 2013 kwa pauni milioni 12.5. Tottenham wakamnunua 2016. Machi 2020 akaenda Montreal Impact, chini ya kocha Thierry Henry, bila ada. Lakini mshahara, kwa hesabu za chama cha wachezaji wa MLS za 2021, ulikuwa zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka.

MLS iko na kikomo cha mishahara. Sheria iliyoletwa 2007, David Beckham akiingia, inapea kila timu nafasi chache za mastaa wa kupita kikomo. Siku hizi ni 3. Mwaka wa 2021, staa kama huyo alihesabiwa dola 612,500 pekee. Zingine mwenye timu anatoa mfukoni.

Walimlipa kupita kiasi? 2021 timu ilibeba kombe la Kanada, na 2022 ikamaliza ya pili Ukanda wa Mashariki. Sio mbaya. Shida ni kwamba kiungo mkabaji alikuwa amekalia kiti ya staa. Mwisho wa 2022 walimwongeza kandarasi, lakini nje ya hiyo kiti. Yaani mtu walimtaka bado. Bei ndio ilikuwa noma.

Huku kwetu je?

Montreal ikikosea, tajiri anaumia kidogo. Klabu ya Kenya ikikosea, ni wachezaji wanalala njaa. Agosti 2019 SportPesa walitoa udhamini, na Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki na kandarasi bila mkwanja. Zote mbili zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili juu ya deni za watu wao wa zamani.

Sheria iko hivi: ukikosa mshahara wa miezi 2, unaandikia klabu notisi ya siku 15. Wasipolipa, unaruhusiwa kuvunja kandarasi. Wakikaidi uamuzi wa FIFA, wanaweza kufungiwa madirisha hadi 3.

Linganisha na Ulinzi Stars, mabingwa mara 4, waliozoea kuwa nyumbani Afraha, Nakuru. Wachezaji wao ni wanajeshi wa KDF. Hakuna mnada, hakuna mamilioni ya kusaini, lakini payslip haitegemei kampuni ya kubet.

Kama ni wewe unasaini

Usiulize tu ni ngapi. Uliza inatoka wapi, mdhamini akitoka nani analipa, na pesa ya kusaini inaingia lini. Kila kitu iandikwe, na ubaki na kopi yako. Elfu 40 inayoingia kila mwezi inashinda laki moja ya karatasi.