Mlango wa michungwa: bustani za Kasongo ya kale

Tarehe 22 Aprili 1893, askari wa Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis waliuteka mji wa Kasongo, Maniema, mashariki mwa Kongo, uliokuwa mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu. Miongoni mwa maofisa wao alikuwemo daktari Mwingereza, Sidney Hinde. Mji ulipotulia, Hinde alijitwalia chumba cha kulala chenye urefu wa futi 80 na upana wa futi 15. Mlango wake ulifungukia bustani ya michungwa, na ng'ambo ya bustani macho yalikwenda maili tano bila kuzuiwa na kitu.

Hinde hakuwa mtu wa kuwasifu Waarabu wa Maniema, alikuja kuwapiga. Ndiyo maana maelezo yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1897 yana uzito. Anasema bustani za Kasongo zilistawi na kupandwa vizuri, na kila ulikogeuka palikuwa na mapera, makomamanga, mananasi na ndizi. Machungwa aliyaona ya namna mbili, matamu na machungu. Hayo machungu ndiyo madanzi, na kwangu mimi danzi ndilo linalosema mengi kuliko tunda lolote katika orodha ile. Si tunda la kulima kwa ajili ya njaa. Hulimenyi ukala, unalikamulia samaki, au unalitia katika achari. Mtu anayepanda mdanzi ameshashiba, ana jiko lenye desturi zake, na anakumbuka kwao.

Na kwao, kwa wakubwa wengi wa mji ule, kulikuwa Unguja na pwani yake. Kule, tajiri alikuwa na nyumba mjini na nyumba shamba. Mjini palikuwa pa biashara, joto na watu. Shamba palikuwa pa kupunga upepo, kuoga, na kukaa barazani miti ikinukia. Sultani Sayyid Said alijenga hamamu Kidichi mwaka 1850, katikati ya mashamba ya mikarafuu, apumzike huko na mkewe wa Kiajemi. Mwanawe Barghash naye alijenga Marhubi, nje kidogo ya mji, jumba lililoungua mwaka 1899 likaacha nguzo tu. Binti wa Sayyid Said, Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alipoandika kumbukumbu zake akiwa Ujerumani alirudi tena na tena kwenye bustani na ua wa utotoni mwake.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, alikulia katika desturi hiyo. Alipoifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870, kutoka pwani kulikuwa ni mwendo wa miezi: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, kisha Kabambare na misitu yake. Mzigo uliokwenda bara ulikuwa vitambaa, shanga, bunduki na baruti. Uliorudi ulikuwa pembe na watu waliofungwa kongwa. Lakini mbegu ya komamanga haina uzito. Inakauka, inafungwa kwenye pindo la nguo, inasahaulika, na siku moja inafukiwa penye maji. Miembe ya Ujiji ni ya safari hizo hizo.

Njia hiyo haikuwa na raha kwa kila mtu. Mpelelezi David Livingstone alikwama Kabambare kwa miezi kadhaa mwaka 1870, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea, na katika kukaa kwake Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Mwaka uliofuata alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu wa wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni. Mamia walikufa, wengi wao majini.

Nalitaja soko la Nyangwe katika makala ya bustani kwa sababu moja. Hinde anasema alipita akiwa amepanda mnyama katika shamba moja la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kulimaliza. Pande zote za Kasongo, maili kadhaa, msitu ulikuwa umefyekwa. Nani aliufyeka? Tippu Tip hakushika jembe, wala mwanawe Sefu. Walioung'oa msitu ule, wakachimba na kumwagilia michungwa, walikuwa watumwa, wengi wao watu wa Maniema waliotekwa vijijini mwao, pamoja na wafuasi waliojiunga na mabwana hao wakaitwa Wangwana. Uzuri wa bustani ile nauamini. Siwezi tu kuutenganisha na kongwa.

Vita vilipokwisha, mabwana wakatawanyika. Sefu aliuawa mwaka huo huo wa 1893. Mji ukahamishwa, na pale ulipokuwa pakaitwa Tongoni. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jina hilo: tongo ni mahali palipokuwa na watu, wakahama, pakabaki misingi na miti. Pwani ya Tanga nako kuna Tongoni yenye magofu yake. Katika miaka ya karibuni wanaakiolojia wa Kongo na Ubelgiji wamechimba Tongoni ya Kasongo na kukusanya masimulizi ya wenyeji.

Kilichokuwa cha bwana kimekuwa cha kila nyumba. Kusini mwa Maniema, kutoka Kasongo hadi Lusangi na Kabambare, wali si chakula cha sikukuu peke yake; mpunga unalimwa na watu wa kawaida, na mbegu yake ililetwa na misafara ile. Lugha ya bustani nayo ilibaki, Kiswahili kilichoitwa Kingwana. Mgeni anapewa kiti chini ya mti wa matunda katika lupango, yaani kiwanja cha nyumba, na hapo ndipo anapopumzika.

Tippu Tip mwenyewe alifika Unguja mwaka 1891 na hakurudi tena Kasongo. Alizeeka akiwa na mashamba mengine, kisiwani, akafa tarehe 14 Juni 1905. Waliochimba bustani zake walibaki Maniema, na wajukuu wao ndio wanaokula mapera yake.