Dawa inayopunguza umwagikaji wa damu katika upasuaji wa nyonga

Upasuaji wa kubadilisha nyonga ni miongoni mwa operesheni zinazomfanya mgonjwa apoteze damu nyingi. Daktari hulazimika kukata kichwa cha mfupa wa paja, kuchonga kikombe cha nyonga na kupanua uwazi wa ndani ya mfupa ili kupachika kiungo bandia. Mfupa uliokatwa hauwezi kufungwa kwa uzi kama mshipa. Kwa sababu hiyo, huendelea kuvuja hata baada ya kidonda kushonwa.

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Katika upasuaji huu anaweza kupoteza kati ya nusu lita na lita moja na nusu. Sehemu ya damu hiyo haionekani, kwani hujikusanya ndani ya misuli ya paja.

Wengi wanaohitaji matibabu haya ni wazee ambao viungo vyao vimelika, au waliovunjika nyonga baada ya kuanguka. Hapa nchini, wamo pia vijana wanaougua selimundu, maradhi ambayo huzuia damu kufikia kichwa cha mfupa wa paja hadi kikafa.

Kwa miaka mingi, suluhisho lilikuwa kumwongezea mgonjwa damu ya mtu mwingine. Lakini damu hiyo haipatikani kwa urahisi. Nchini Kenya, wanafunzi wa shule za upili wamekuwa tegemeo kubwa la uchangiaji, na akiba hupungua shule zinapofungwa. Si ajabu jamaa za mgonjwa kuombwa watafute wafadhili kabla ya siku ya upasuaji.

Hapo ndipo asidi ya traneksamiki inapofaa. Dawa hiyo ilitokana na utafiti wa Utako Okamoto na mumewe, Shosuke Okamoto, wa Japani, waliotangaza matokeo yao mwaka 1962. Nia yao ilikuwa kuwaokoa kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Mwaka huo huo, nchini Uingereza, daktari John Charnley alikuwa akianzisha aina ya nyonga bandia iliyoweka msingi wa upasuaji wa kisasa. Hata hivyo, miongo kadhaa ilipita kabla ya uvumbuzi huo wawili kukutana katika vyumba vya upasuaji.

Namna inavyofanya kazi

Mtu anapojeruhiwa, mwili hutengeneza donge la damu linaloshikiliwa na nyuzi za protini iitwayo fibrini. Baadaye, kimeng'enya kiitwacho plasmini huzikata nyuzi hizo ili donge liyeyuke. Upasuaji mkubwa huchochea uyeyushaji huo mapema mno. Asidi ya traneksamiki huziba mahali ambapo plasmini ingejishikiza kwenye fibrini, na hivyo donge hudumu. Kwa maneno mengine, dawa hii haigandishi damu, bali hulinda donge lililokwisha kujiunda.

Kwa kawaida mgonjwa mzima hudungwa gramu 1 polepole katika mshipa kabla ya ngozi kukatwa. Madaktari wengine huongeza dozi ya pili upasuaji unapomalizika. Dawa inaweza pia kumiminwa kwenye kidonda, au kumezwa kama tembe saa 2 hivi kabla. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa Marekani mwaka 2018 haukuona njia moja iliyo bora waziwazi kuliko nyingine.

Je, ni salama?

Hofu kuu imekuwa kwamba dawa hii ingesababisha damu kuganda miguuni, mapafuni, moyoni au kwenye ubongo. Uchunguzi uitwao POISE-3, uliochapishwa mwaka 2022, ulihusisha wagonjwa 9,535 wa upasuaji usio wa moyo katika nchi 22. Uvujaji hatari ulitokea kwa asilimia 9.1 ya waliopewa dawa, ikilinganishwa na asilimia 11.7 ya wasiopewa. Madhara ya moyo na mishipa yalikaribiana: asilimia 14.2 kwa 13.9.

Hata hivyo, dawa hii haimfai kila mtu. Mwenye donge la damu mwilini wakati huo hapaswi kupewa. Aliyewahi kupatwa na kiharusi au degedege, pamoja na mgonjwa wa selimundu, huhitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi. Kwa kuwa dawa hutolewa kupitia mkojo, wenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo.

Hatari nyingine hutokana na kosa la binadamu. Upasuaji wa nyonga mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya uti wa mgongo, na chupa za dawa hizi mbili huweza kufanana. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitahadharisha kuwa kudunga asidi ya traneksamiki kwenye uti wa mgongo kimakosa huweza kuua. Hospitali zinashauriwa kuihifadhi mbali na dawa za ganzi.

Aidha, dawa pekee haitoshi. Mgonjwa anapaswa kupimwa damu wiki kadhaa mapema na kutibiwa akiwa na upungufu. Pia amweleze daktari dawa zote anazotumia, hasa aspirini na warfarini, wala asiziache kabla ya kuagizwa.